Matanga ya Mguu wa Foro

Wimbi lililowavunjia safari halikuwa kubwa kuliko mengine. Lilikuja tu kwa ubavu, saa nne asubuhi, likaunyanyua mtumbwi kwa tezi, upande wa nyuma, na injini ikang'oka pamoja na ubao wake. Kabla haijazama, rafadha iliyokuwa bado inazunguka ilipita kwenye mguu wa kulia wa Crisóforo Batiz, ikalipasua shavu la mguu mpaka mfupa.

Waulizwe walioandika kanuni, watu hawa walikuwa wanatafuta nini huko nje msimu wa upepo wa kaskazini. Sisi wa Punta Marañón tulivua kwenye miamba ya karibu, nusu saa kwa kafi, tangu Waingereza walipotung'oa kisiwani kwetu na kutumwaga pwani hii kama maganda. Kisha wakaja mabwana wenye boti la doria, wakasema miamba ni hifadhi, samaki wapumzike. Watalii wanapiga mbizi humo kutwa. Mwenyeji akionekana na ndoano, mtumbwi wake unachukuliwa. Basi mwenye njaa huenda mbali, na mbali ndiko kwenye mawimbi.

Walikuwa watatu. Crisóforo, ambaye kila mtu humwita Foro. Dada yake mkubwa, Nisia. Na Nazario, kaka wa mke wa Foro.

Nisia alivua kilemba, akakifunga juu ya jeraha, akakikaza kwa mpini wa kisu mpaka damu ikapungua.

"Nchi kavu?" aliuliza.

"Kusini," Nazario alisema, akiwa anakumba maji ya mtumbwini kwa upo bila kuinua kichwa. "Upepo unatupeleka, ila mkondo unatuvuta magharibi. Leo hatufiki."

"Maji ya kunywa?"

"Nusu galoni."

"Yote ya mgonjwa."

"Na mimi je?"

"Wewe meza mate, shemeji. Kwa domo ulilonalo, hayataisha leo."

Foro alicheka, kisha akakunja uso. Mkate wa muhogo ulikuwa umelowa maji ya chumvi. Waliula hivyo hivyo.

Nisia ndiye anayeitwa kila penye msiba, kutoka kijijini hadi mtoni. Usiku wa tisa wa matanga, ngoma zikilia na guaro, pombe kali ya miwa, ikizunguka, lazima awepo mtu wa kumchekesha mjane. Nisia huzitoa dhambi za marehemu moja baada ya nyingine, mpaka waliokuja kulia wanashika mbavu. Sharti ni moja: marehemu awe amekufa kweli. Kumtolea mtu vichekesho vyake vya matanga angali anapumua ni kumfukia.

Alasiri midomo ya Foro ilikuwa rangi ya majivu.

"Dada, nianzie."

"Nikuanzie nini?"

"Matanga yangu. Watu wote watayasikia isipokuwa mimi. Huo si uonevu?"

"Funga bakuli lako. Hufi."

"Basi kidogo tu. Kile cha mwanzo."

"Nimesema hufi!"

Foro akafumba macho. Nisia alimzaba kofi. Akafumbua, akafumba tena. Alimwagia maji ya bahari usoni. Kichwa kikalala begani.

Nazario aliacha kukumba. "Dada Nisia," alisema polepole, "akizama safari hii harudi."

Hapo hasira ikampanda Nisia. Haikuwa huzuni, huzuni angeijua, amekaa nayo miaka. Ilikuwa hasira ya mtu aliyenyang'anywa miamba, akanyang'anywa pwani, na sasa anadaiwa hata ndugu yake. Alipiga magoti ndani ya maji ya mtumbwi, akapaza sauti kuushinda upepo.

"Waombolezaji! Marehemu Crisóforo alikuwa mcha Mungu! Mnakumbuka siku ya maandamano, alipobeba sanamu ya Mtakatifu Isidro akiwa amelewa? Wakaanguka wote wawili ndani ya bwawa la mikoko. Marehemu aliokoa chupa, akamwacha mtakatifu!"

Jicho moja likafunguka. "Mwongo. Nilimtoa mtakatifu kwanza."

"Marehemu hajibu!"

"Chupa ilikuwa inaelea yenyewe!"

"Nilikuwepo," Nazario alidakia. "Mtakatifu alikaa majini siku mbili. Alitoka na kaa kwenye kanzu."

"Siku moja!" Foro alijaribu kuketi ili amfikie. "Siku moja na nusu, mbwa wewe!"

Nisia aliuma mdomo, akaendelea. Kila macho yalipolegea, alileta uongo mbaya zaidi: mechi ambayo Foro alijifunga bao akashangilia, mchumba ambaye Foro alimkimbia, akaenda kujificha bandani kwa kuku. Foro alisahihisha miaka, majina ya watu, rangi ya kuku. Alitukana mpaka sauti ikakauka, akapewa funda la maji, akatukana tena. Giza likaja likapita namna hiyo. Mguu ulikuwa umemmaliza damu, ubishi ukamrudishia pumzi.

Siku ya pili, jua likiwa utosini, waliona mchanga mweupe na miavuli myeupe. Nisia alipajua. Minazi ile ilipandwa na babu yao. Uzio wa hoteli ulikuja baadaye. Mawimbi ya ufukweni yaliupasua mtumbwi, wakamburuta Foro hadi pakavu.

Mlinzi alikuja mbio, bunduki kifuani. "Hapa ni mali ya watu. Rudini."

"Turudi na nini?" Nazario alimwonyesha mbao.

"Njia ya umma iko kule, kilomita tatu."

Sheria ya nchi inasema ufukwe ni wa wote. Lakini sheria haikuwepo pale, bunduki ilikuwepo. Wageni walisimama na vinywaji mkononi, wakanyanyua simu wapige picha.

Nisia alikuwa ameweka matusi ya miaka ishirini kwa ajili ya siku hiyo. Aliyameza. Aliketi mchangani, akalainisha sauti.

"Jina lako nani, mwanangu?"

"Elmer."

"Elmer mwanangu, asante kwa kutupokea. Huyu anakata roho. Kwetu mtu hukeshewa palepale alipofia. Siku tisa. Ngoma tatu. Watu mia tatu, wakija wachache."

Uongo mtupu. Sisi hukesha nyumbani kwa marehemu.

"Mia nne," Nazario alisema. "Umesahau wa mtoni."

"Mia nne. Samaki tutasafishia kwenye bwawa lile la kuogelea."

Foro, macho yamefumbwa, alitoa sauti kama ya mlango mbovu. "Nahisi roho inatoka… Nilazeni karibu na baa."

Elmer alishika redio. Meneja akaja anakimbia, viatu vimejaa mchanga. "Amebakiza muda gani?"

"Robo saa," alijibu maiti.

Gari lilifika kwa dakika saba. Kumbe gari lipo! Kumbe barabara ya hospitali inapitika! Wanawake wetu wamezalia njiani miaka yote wakiambiwa haipitiki.

Ndani ya gari Nazario alicheka mpaka akalia. Nisia hakucheka. Alimshika ndugu yake shati kwa mikono miwili, meno yameumana, wala hakumwachia mpaka madaktari walipombandua vidole.

Foro alipona. Mguu haukupona, waliukata chini ya goti. Muuguzi aliuliza jamaa wanataka ufanywe nini.

"Tutauchukua," Nisia alisema.

Jumamosi ya pili, saa tisa alasiri, watu wa Punta Marañón walitokea ufukweni pale na ngoma tatu, masufuria, kuni, na kisanduku kidogo cha mbao chenye msalaba. Foro alibebwa kwenye kiti, akawekwa mbele, mahali pa wafiwa. Nazario alikuwa ameshaanza kuchimba chini ya minazi.

Elmer hakuinua bunduki. Meneja ndiye aliyepiga kelele. "Lakini huyu hakufa!"

"Yeye hakufa," Nisia alisema. "Mguu wake ndio uliofia hapa, tukiwa tunasubiri ruhusa yako. Unaitwa marehemu, na una jamaa wengi."

"Mtakaa mpaka lini?"

Nisia alimpa mgongo, akawageukia watu wake, akapaza sauti.

"Waombolezaji! Sogeeni wenzenu wapate nafasi. Wa mtoni bado wanakuja."