Radi ya Jamu

Zelie alikuwa na miaka sita, na vidole vyake vilinata siku zote. Jamu, jamu, jamu!

Aliishi na mama yake katika mji mdogo wa Ufaransa. Mama alikuwa mtunzi wa muziki.

Asubuhi mama alitunga. Mchana mama alitunga. Supu ikiungua, mama bado anatunga!

Safari hii alitunga muziki wa mvua. Filimbi zilisema, *ti, ti, ti*. Fidla zilisema, *shuu, shuu, shuu*.

"Mama, radi iko wapi?" Zelie aliuliza.

"Hakuna radi," mama alijibu. "Mvua yangu ni ya upole."

Mvua bila radi? Zelie alinuna. Hata wewe ungenuna.

*Ti, ti, ti. Shuu, shuu, shuu. Lakini radi iko wapi?*

Siku ya onyesho ikafika. Mezani kulikuwa na karatasi za wanamuziki, kila mmoja na yake.

Karatasi ya filimbi ilijaa noti za muziki, nyeusi, nono, zenye mikia. Karatasi ya fidla ilijaa pia.

Karatasi ya Babu Anselme ilikuwa tupu. Babu Anselme alikuwa mpiga ngoma kubwa, na kazi yake ilikuwa kusubiri tu.

"Maskini Babu Anselme," Zelie alisema. "Anabeba ngoma kubwa vile, halafu hapigi!"

Zelie alikuwa anakula mkate wenye jamu nyeusi ya forosadi. Jamu ikateleza.

*Tone!* Ikaanguka kwenye karatasi ya Babu Anselme.

Zelie alishtuka. Kisha akaliangalia lile tone. Lilifanana na noti. Lilifanana sana!

Mama alikuwa jikoni, anakwangua sufuria. Zelie akachovya kidole.

*Tone! Tone!* Akayachorea mikia. Akapuliza, *fuu, fuu*, mpaka yakakauka. Kisha akakaa kimya kama hajui kitu.

Jioni ukumbi ulijaa watu. Bibi Hortense alikaa mbele, karibu na Zelie, na kofia yake yenye manyoya, na mbwa wake mdogo.

Mama aliinua mkono kuwaongoza wanamuziki. *Ti, ti, ti. Shuu, shuu, shuu.*

Babu Anselme alitazama karatasi yake. Akafuta miwani. Akatazama tena. Noti! Noti tatu! Zake mwenyewe!

*BUM! BUM! BUM!*

Kofia ya Bibi Hortense iliruka. Mbwa akabweka. Filimbi zikanyamaza.

"Babu Anselme!" mama alisema. "Umefanya nini?"

"Nimepiga kilichoandikwa," Babu Anselme alijibu. "Njoo uone."

Mama akagusa noti. Ikanata. Akalamba kidole.

Forosadi!

Mama hakutazama filimbi. Hakutazama fidla. Alimtazama Zelie.

Zelie alitaka kusingizia nzi. Lakini machozi yakamjaa.

"Ni mimi, Mama," alisema kwa sauti ndogo. "Nilitaka radi. Na Babu Anselme alikuwa anasubiri tu. Nisamehe. Nimeharibu mvua yako."



Mama akamgeukia Babu Anselme. Babu alikuwa ameikumbatia ngoma yake, anatabasamu mpaka masikioni. Mama hakuwahi kumwona anatabasamu hivyo.

Mama akavuta pumzi. "Tunaanza upya," alisema.

"Na radi?" Babu Anselme aliuliza.

"Na radi," mama alisema. "Lakini wewe, Zelie, nenda ukanawe mikono!"

Zelie alinawa mbio mbio, akarudi mbio mbio.

*Ti, ti, ti. Shuu, shuu, shuu. BUM! BUM! BUM!*

Safari hii Bibi Hortense alishika kofia yake kwa mikono miwili. Watu walipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Babu Anselme aliinama kuwashukuru mara tatu, moja kwa kila noti.

Usiku Zelie alipanda kitandani. Mama akambusu, akazima taa.

Nje, mvua ya kweli ikaanza. *Ti, ti, ti. Shuu, shuu, shuu.*

Halafu...

*BUUUM!*

"ZELIE!" mama aliita kutoka chumbani kwake.

"Si mimi, Mama!" Zelie alijibu. "Safari hii si mimi, kweli!"

Mama akacheka. Zelie naye akacheka, akajifunika shuka mpaka puani.

Akalala na vidole kumi safi. Basi, tisa. Kimoja bado kilinata.