Fungu la Mtunzaji

Siku ya mnada, duka la pembejeo la Octavian mjini Babati halina pa kusimama. Watu wa Sigino wamekuja kuchukua pumba, watu wa Bonga wanataka dawa ya kupe, na kila mmoja anasema yeye ndiye aliyetangulia. Katikati ya zogo hilo akaingia dada mmoja mwenye gauni la kitenge cha kijani lililomkaa sawasawa na nywele zilizosukwa twende kilioni. Akapenya mpaka kaunta.

"Samahani kaka, una chakula cha samaki?"

"Wa bwawa?"

"Hapana, wa kwenye kioo. Ninao watano sebuleni."

Duka zima likacheka. Mzee mmoja aliyeketi juu ya gunia la mashudu akauliza kama hao watano wanatosha mboga ya siku moja.

"Hawaliwi, baba. Ni wa kutazama."

"Wa kutazama," mzee akarudia, na kicheko kikaanza upya.

Octavian hakucheka. Hapo ndipo pa kumsifu huyu kijana, na nitamsifu tena mbele ya safari, maana wanaume wa aina yake hawaokotwi barabarani. Mrefu, shati limejaa vumbi la pumba mpaka kwenye kola, alichukua kalamu akauliza samaki wana ukubwa gani, wanakula mara ngapi, na maji yao ni ya bomba au ya kisima. Aliyekulia Mutuka katika boma la ng'ombe haoni mfugo wa kuchekwa.

"Sina, ila Jumanne naagiza mzigo Arusha. Niachie namba nikujulishe."

"Namba ya nini? Nitapita mwenyewe Jumatano."

"Ukinikosa je?"

"Utakuwepo," akasema yule dada, akaondoka zake. Na kweli Jumatano hiyo Octavian hakutoka dukani hata kwenda kula.

Jina lake Domitila, fundi wa maabara katika zahanati moja ya mjini, miaka ishirini na tisa, mpangaji wa chumba na sebule. Mikono yake ilizoea kupima vitu vidogo, na moyo wake ulizoea kujilinda. Alikuwa na mchumba zamani. Alipokwenda msibani akamwachia ufunguo, na aliporudi hakukuta televisheni, hakukuta jokofu, wala mchumba hakumkuta. Alinunua vyote upya isipokuwa mchumba. Tangu siku hiyo ufunguo aliuvaa shingoni kwa uzi, ndani ya nguo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Basi mapenzi yake na Octavian yalifika miezi mitano, mazuri, ya simu asubuhi na simu jioni, lakini ule ufunguo kijana hakuwahi kuushika. Domitila akitaka kwenda genge la jirani kununua nyanya, Octavian alitoka naye, mlango ukafungwa, wakaenda wote, wakarudi wote. Hakulalamika hata siku moja.

Mwezi wa sita Domitila akapata likizo, ya kwanza kwa miaka mitatu. Dada yake wa Tanga alikuwa amejifungua, na yeye alitaka kukaa huko wiki mbili.

"Watoto unamwachia nani?" Octavian akauliza kwenye simu.

"Nafikiria kuwabeba."

"Kwenye basi, mpaka Tanga?"

"Kuna ndoo za mfuniko, Okta."

"Mama Samaki wangu, watafika wakiwa supu."

Domitila akacheka. Octavian hakuomba ufunguo. Alijua kitu kile hakiombwi.

"Njoo kesho nikuelekeze," Domitila akasema mwishowe.

Alimkuta amepanga mezani vikopo kumi na vinne, kila kimoja kimebandikwa karatasi yenye siku na tarehe kwa mwandiko wa maabara.

"Domi, hivi si vikopo vya mkojo?"

"Vipya, nimevinunua mwenyewe. Kila siku kimoja, saa mbili asubuhi. Usiongeze hata punje. Ukiwaonea huruma unawaua, maana chakula kikibaki kinaoza na maji yanaharibika."

Octavian aliinama mbele ya tangi. Walikuwa samaki wadogo wa aina ya gapi, urefu wa kidole cha mtoto, mikia imechanua kama kitenge kipya. Akawatazama kama anavyotazama ng'ombe kabla ya kumpa dawa, mmoja mmoja, bila haraka.

"Huyu mweusi tumbo lake silielewi."

"Mlafi huyo. Usidhani ni mimba, miezi minane nimengoja mtoto hata mmoja sijaona. Nimekata tamaa."

Octavian akaitikia, lakini jicho lilibaki pale. Domitila akauvua uzi shingoni.

"Hiki kwangu si chuma tu," akasema.

"Babati nzima inajua habari ya jokofu, mpenzi. Nenda kamwone dada. Mimi nipo."

Siku tano za kwanza zilikwenda vizuri ajabu. Kila asubuhi saa mbili na dakika tano simu ililia Tanga. "Mambo, Mama Samaki? Wanao wameshiba," na video ikafuata. Domitila aliwaonyesha ndugu zake, akawaambia kwamba huyo ndiye mwanaume. Usiku alilala usingizi ambao hakuwa ameulala tangu siku ya jokofu.

Siku ya sita hakupata video. Siku ya nane akapigiwa na Bernadina, mpangaji mwenzake, mwanamke mwema ambaye macho yake hayana likizo.

"Mwenzangu, mimi si mmbeya. Lakini huyu shemeji juzi katoka kwako na ndoo, kaifunika na kanga yako. Leo tena katoka na ndoo. Na anatembea polepole kama kabeba mayai."

Domitila akampigia Octavian hapo hapo.

"Ndoo ilikuwa na nini?"

"Nani kakwambia?"

"Nimeuliza, Okta. Ndoo ilikuwa na nini?"

"Maji ya tangi."

"Na nini kingine?"

"Domi, kuna jambo. Nitakueleza ukirudi, si la kwenye simu."

"Yule naye aliniambia hivyo hivyo, kwamba si la kwenye simu."

"Mimi si yule."

"Mpe Bernadina ufunguo. Sasa hivi."

Octavian angeweza kusema neno moja likamwokoa, na hakulisema. "Sawa," akajibu. Jioni hiyo alimkabidhi Bernadina ufunguo pamoja na vikopo sita vilivyobaki, akamweleza mara tatu kwamba asiongeze hata punje, akaenda zake.

Domitila alilia kwenye kanga ya dada yake mpaka kichanga kikaamka. Siku ya kumi na moja akakatisha likizo.

Aliuchukua ufunguo kwa Bernadina, na alipofungua mlango wake alisimama kwenye kizingiti na mkoba begani, anahesabu. Televisheni ipo. Jokofu lipo, linanguruma. Mtungi wa gesi, pasi, redio, vyote vipo. Kanga yake ilikuwa imefuliwa na kukunjwa juu ya kiti. Akakimbilia tangi. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Hakuna aliyepungua. Badala ya kufurahi akaogopa, maana sasa hakujua amemtukana mtu kwa kosa gani. Kisha akamwona yule mweusi. Tumbo lilikuwa limekwisha.

Hakungoja hata kuoga. Aliuvaa uzi shingoni, akaenda dukani vile vile na vumbi la safari. Octavian alikuwa anapima mahindi. Alipomwona, kopo la kupimia lilibaki hewani, na mteja akalazimika kumkumbusha.

"Karibu," akasema. Hakusema Mama Samaki.

"Alizaa."

Octavian akainama chini ya kaunta, akainua kopo kubwa la pipi, lile la plastiki angavu. Ndani, kwenye maji safi, vilikuwa vinakimbizana vifaranga, vyembamba kama sindano, macho tu na mkia.

"Ishirini na wawili. Watatu walikufa siku ya kwanza," akasema. "Nilifika saa mbili nikakuta wakubwa wanawameza, hata mama yao. Ndiyo maana miezi yote hukuona mtoto, Domi. Walikuwa wanaliwa kabla hujaamka. Nikawachota na kikombe, nikawaleta hapa. Wanakula kiini cha yai lililochemshwa, mara tano kwa siku. Ile ndoo ya pili nilifuata maji waliyozoea."

"Mbona hukuniambia?"

"Kwetu mfugo wa mtu ukizaa mikononi mwako, hutangazi mpaka mtoto asimame. Ulikuwa umekata tamaa. Ningekupa watoto kwa simu, halafu kesho niwatoe kwa simu?" Akaliweka kopo taratibu. "Lakini ulinilinganisha na mwizi. Iliniuma sana."

Domitila machozi yakamtoka mbele ya wanunuzi wa pumba, na hakuyafuta. "Nisamehe. Nilikuwa naongea na yule mwingine, kupitia kwako."

"Nimekusamehe. Ila kuna desturi. Ng'ombe wa mtu akizaa kwako, mtunzaji ana fungu lake. Mwenye mfugo anakuja nyumbani kwa mtunzaji, anakunywa chai, kisha mbele ya mzee anasema, fungu lako hili."

"Unataka vifaranga wangapi?"

"Mtunzaji hachagui," akasema Octavian, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu.

Jumapili baada ya misa walikwenda Mutuka. Domitila alivaa lile gauni la kijani, kopo la vifaranga amelipakata. Mzee Yoakimu, baba yake Octavian, alitoka kuwapokea, na Domitila akamtambua papo hapo. Ndiye yule wa gunia la mashudu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Ndio hao wa mboga?"

"Ndio hao, baba. Wameongezeka."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Wakaingia, wakanywa chai ya maziwa na viazi vya kuchemsha, wakaulizana habari za mvua na za Tanga. Chai ilipokwisha, wakati wa fungu ulikuwa umefika. Domitila alisimama. Kopo la vifaranga aliliacha mezani. Akaingiza mkono kwenye kola ya gauni, akauvua uzi, akamwekea Octavian ufunguo kwenye kiganja.

"Fungu lako hili," akasema.

Mzee Yoakimu akautazama ufunguo, akalitazama kopo. "Na hawa?"

"Hao hawagawanywi, baba. Watakaa nyumba moja."

Octavian akauvaa ule uzi shingoni kwake, chuma kikiwa bado na joto la Domitila. Mzee akaita jikoni waongeze chai, maana mazungumzo yenyewe ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza.