Bi Mwanahalima na Mtalawanda

Zamani za Mwingereza, pale Kisarawe, Bi Mwanahalima alikuwa na mtalawanda, yaani viatu vya mbao vya kwendea bafuni. Mumewe, Mzee Mwinyimadi, ndiye aliyemnunulia. Siwema, mke mdogo, hakununuliwa. Basi kila alfajiri Bi Mwanahalima alivipiga uani kwa makusudi, ko, ko, ko, ili Siwema asikie. Alikuwa na wajukuu wengi, lakini wivu wake ulikuwa bado wa kisichana.

Wake hao waliishi nyumba moja, na mume alikaa nao kwa zamu. Mwenye zamu ndiye aliyepika na kutandika kitanda. Bi Mwanahalima aliilinda zamu yake kama mboni ya jicho.

Lakini siku hizo akiamka alisikia kizunguzungu, na miguu ilikosa nguvu. Siku moja aliteleza bafuni, akadaka ua wa makuti. Hakumwambia mtu. Alijua Siwema atasema dada apumzike, na kupumzika maana yake ni kupokonywa zamu. Akajipa moyo kwamba kujikwaa si kuanguka.

Haya, akaanguka kweli. Ilikuwa masika, na mawe ya bafuni yameota utelezi. Alfajiri alimsikia Siwema akicheka na mume chumba cha pili. Moyo ukamwaka. Akainuka kitandani kwa ghafla, akavaa mtalawanda, akatoka mbio mbio. Kichwa kikazunguka, kiatu kikateleza, naye chini, pu!

Aliyekuja kumwinua ni Siwema. Hilo lilimuuma kuliko kiuno.

Mzee Mwinyimadi akamwita Alfonce, dresa, yaani msaidizi wa tabibu, wa zahanati. Alfonce akamwamkia Bi Mwanahalima, akampapasa nyonga polepole. Mfupa ulikuwa mzima, nyama tu zimevimba. Akauliza ilikuwaje. Mgonjwa akailaumu mvua. Alfonce akaenda kutazama bafu mwenyewe, kisha akarudi akaeleza.

Alisema mbao juu ya jiwe bichi haishiki, afadhali avae katambuga za mpira wa gari. Mawe yasuguliwe kwa mchanga mpaka utelezi utoke. Miti ya kushikia ichimbiwe toka mlangoni hadi bafuni. Na mtu mzima akiamka asikurupuke. Akae kwanza ukingoni mwa kitanda, kichwa kitulie, ndipo asimame. Kuhusu kizunguzungu, aje zahanati apimwe.

Bi Mwanahalima akakataa katakata. Alisema katambuga ni viatu vya wachoma makaa, na Siwema atamcheka mpaka machozi.

Siwema alikuwa jikoni akichemsha maji ya kumkandia. Alfonce akashusha sauti.

"Bibi, safari hii umepona. Lakini mtu mzima akivunjika nyonga, hulala miezi, na wengine hawainuki tena. Ukilala miezi, zamu zako atazifanya nani?"

Bi Mwanahalima akamtazama mumewe. Mume akatazama chini.

"Nileteeni hizo katambuga," akasema.

Mzee Mwinyimadi akachimbia miti na kusugua mawe. Bi Mwanahalima akaenda zahanati, akapewa dawa. Kila alfajiri alikaa kwanza kitandani, akavuta pumzi, kisha akasimama. Masika yakaisha bila yeye kuanguka tena, na zamu yake ilipofika alipika wali wa nazi mwenyewe, akaupeleka kwa mume kwa miguu yake.

Siwema naye akaanza kununa. Alisema mume kamjengea mke mkubwa peke yake, kana kwamba yeye hana miguu.

Asubuhi moja Bi Mwanahalima alimkuta Siwema akitoka bafuni, ndoo mkono mmoja, mkono wa pili ameshika mti. Wivu ukampanda. Alitaka kumwambia aachie, mti huo si wake. Kisha akayatazama mawe, maji yametapakaa.

"Shika vizuri, mwenzangu," akasema. "Ukivunjika wewe, mimi ataniinua nani?"