Barabara Niliyoijenga Wakati wa Barafu

Kila siku ya kazi naamka saa kumi na moja alfajiri. Natia kuni jikoni, nakunywa kahawa, kisha nawasha trekta. Kazi yangu ni kuchimba na kusawazisha ardhi. Shule niliacha nikiwa na miaka kumi na sita. Udongo naujua, nilikuwa nikijisifu hivyo.

Shamba la baba, huku Marekani, kaskazini mwa Michigan, tuliligawa viwanja vitano. Cha mwisho alikinunua Arlene Maki, mjane wa miaka sabini na nne, mgonjwa wa moyo. Viwanja havikufika barabara kuu. Ilibidi nijenge njia yetu wenyewe.

"Umechukua kibali?" mke wangu Lorna aliniuliza.

"Kibali cha nini? Ardhi yangu, changarawe yangu."

"Duane, usije ukatuaibisha."

"Nimejenga njia za watu miaka thelathini. Wa ofisini ataniambia nini?"

Niliijenga Februari, kwa sababu sikuwa na kazi nyingine. Mwezi huo ardhi yetu imeganda, ngumu kama saruji. Malori yanapita popote. Nilisukuma theluji pembeni, nikamwaga changarawe juu ya udongo mweusi. Upana ulikuwa futi kumi na mbili. Mitaro sikuchimba, kwani maji nilikuwa siyaoni. Njia ikaishia mlangoni kwa Arlene, basi.

Aprili barafu ikayeyuka.

Asubuhi moja Arlene alibanwa na kifua. Gari la wagonjwa likaja, likazama katikati ya njia. Nilipofika na trekta, wahudumu walikuwa wamembeba kwenye machela, tope likiwafika magotini.

"Nani kajenga uchafu huu?" dereva aliuliza.

"Sijui," nilisema.

Arlene alinitazama kutoka kwenye machela.

Alipona. Lakini binti yake hakumruhusu kurudi nyumbani. Alisema pale hapafikiki. Nilikwenda kwa huyo binti mjini, nikasimama mbele ya Arlene na kofia mkononi.

"Siku ile nilisema uongo," nilimwambia.

"Nilisikia. Ninaumwa moyo, Duane, siumwi masikio."

"Nisamehe, mama. Nitaijenga upya."

"Ijenge. Mimi nitarudi ikishavuka Aprili. Njia zako za Februari nimeshaziona."

Kesho yake nilikwenda ofisi ya kitongoji. Mkaguzi, Renee Beaudry, alikuja na koleo. Alichimba changarawe, akatoa bonge jeusi.

"Bwana Niemi, ungepanda viazi kwenye udongo huu?"

"Vingeota vizuri."

"Basi umejenga barabara kwenye shamba la viazi. Udongo huu unanyonya maji. Barafu ikiyeyuka, unakuwa uji. Uondoe wote mpaka ufikie ardhi ngumu, halafu weka mchanga na changarawe, ukishindilia tabaka kwa tabaka."

"Na upana?"

"Hapa kwetu, futi ishirini na nne. Gari la zimamoto lina upana gani? Na wewe ukikutana nalo utapita wapi? Mitaro pande zote mbili, na kalvati, bomba la chini ya njia, maji yanapokatiza. Mwisho wa njia uweke mzunguko, gari kubwa ligeuke bila kurudi kinyumenyume."

Nilidhani amemaliza.

"Bado. Kwanza leta mchoro wa mhandisi, tuupitishe, ndipo uguse trekta. Nitakagua kabla hujafukia kitu. Pia wenye viwanja wote watasaini mkataba: nani ataondoa theluji, nani atajaza mashimo. Hii si barabara ya serikali. Ikiharibika, ni yenu."

"Ningekuja kabla, ungeniambia haya yote?"

"Kwa dakika ishirini. Tena bure."

Nilikosa pa kuweka uso.

Mkutano wa kitongoji ulikaa Juni. Nilisimama mbele ya majirani nikasema mimi ndiye niliyeijenga njia ile, bila kibali, na mimi ndiye niliyeikana mbele ya Arlene akiwa kwenye machela. Mtu mmoja nyuma alicheka. Lorna alitazama chini. Nilikaa.

Mchoro ulipopitishwa na mkataba kusainiwa, tulichimba kiangazi chote. Renee alinirudisha mara mbili kwa ajili ya kalvati iliyokaa juu mno. Sikubishana.

Aprili ya mwaka uliofuata, mvua na maji ya theluji yalijaa mitaroni yakaenda zake. Zimamoto walileta lori lao zito kuliko yote, likiwa limejaa maji. Likaingia mpaka mwisho, likageuka kwenye mzunguko, likatoka. Halikuacha hata alama ya tairi. Majirani wakapiga makofi.

"Hongera, Duane!" mmoja alipaza sauti.

"Acheni," nilisema. "Hii ndiyo niliyopaswa kumjengea Arlene tangu siku aliponunua kiwanja."

Jumamosi ya kwanza ya Mei binti yake alimrudisha Arlene. Gari lilisimama mlangoni. Arlene akashuka mwenyewe, akakanyaga changarawe mara mbili kwa kisigino, akanitazama.

"Haya," alisema. "Ingiza masanduku. Na viatu uvue mlangoni."