Waliobaki Mchana

Jumanne jioni, Mwanahamisi alimsimamisha Katungu mlangoni, akamlalamikia kelele za kinu cha kutwangia kisamvu.

"Mama Benie, leo ulitwanga sombe tangu saa sita mpaka saa nane. Kichwa inaniuma."

"Si mimi, dada. Nilikuwa ng'ambo, ku duka."

Mwanahamisi, mjane wa Maniema ambaye ua wake ulipakana na wa Katungu, alimtazama kwa huruma, kama anamtazama mtu anayeweweseka kwa homa. "Nilikuona na macho yangu. Ulivaa ile kitenge ya njano. Nilikusalimia, ukakataa kuitika."

Katungu alicheka, maana watu hucheka wakikosa la kusema. Lakini alipoingia jikoni alikuta harufu ya mawese ya kukaangwa imejaa mpaka darini. Hakuna aliyewasha moto humo tangu alfajiri.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya matofali, baraza pana, dari refu, moja ya zile za zamani zilizojengwa Lubunga kwa wafanyakazi wa reli. Huku ndiko wanakolala wengi ambao Kisangani ya ng'ambo, ile ya maduka na ofisi, imewashinda kwa kodi. Alfajiri wanavuka mto kwa pirogi, mtumbwi wa injini, jioni wanarudi. Nzanzu, mume wa Katungu, aliipenda siku ya kwanza. Wauzaji walimwambia imekaa tupu miaka mingi, naye akaona hiyo ni bahati yake. Mfanyabiashara wa Butembo akikuta kitu cha bei nafuu, hata shetani akiwa amekikalia atamwomba asogee kidogo. Rahisi huvunja upishi, wanasema, lakini Nzanzu aliuza kiwanja alichoachiwa na baba yake akainunua, na sasa hawakuwa na pengine pa kwenda.

Alhamisi mjane alilalamika tena. Safari hii alidai amemwona Katungu akimsuka Benie nywele barazani saa saba mchana. Benie alikuwa na miaka minne, na saa saba ya siku hiyo alikuwa amelala nyuma ya kaunta ya duka la baba yake, Katungu akimfukuzia nzi kwa kipande cha katoni. Usiku huo Katungu hakupata usingizi. Kila alipofumba macho aliona vidole vya mtu asiyemjua kwenye nywele za mwanawe.

Ijumaa alfajiri Mwanahamisi alitoka mapema kuwatazama wakiondoka. Nzanzu alitangulia na mtoto. Katungu akafunga mlango kwa ufunguo, kisha akauambia mlango, kama alivyofanya kila siku, "Mubakie muzuri. Mutulindie nyumba."

"Unaaga nani?" mjane akauliza.

"Hakuna mutu. Ni mazoea."

Kwao Butembo nyumba haijawahi kukaa tupu. Nyanya yupo, mashangazi wapo, na kutoka bila kuwaaga ni ukosefu wa adabu. Nzanzu humtania kwamba anaaga viti.

Mwanahamisi hakutania. Alimshika mkono kwa nguvu. "Kila asubui unasema vile?"

"Kila asubui."

"Aï, mama! Ile nyumba ilikuwa na benyewe mbele yenu. Balikuwa banakaa kimya, sababu hakuna mutu alibapa ruhusa. Sasa wewe, na mudomo yako, umebaambia babakie."

"Pepo?"

"Nyinyi munaita pepo. Sisi tunasema jini."

Mdomo uliponza kichwa. Katungu alitaka kulia papo hapo njiani. "Alors, nifanye nini?"

"Ubakie wewe mwenyewe. Siku moja, saa sita ya muchana, washa moto yako, fungua madirisha yote, ubaambie kazi yao imeisha. Lakini mutoto, umutume na baba yake. Usimubakize mule."

Walipanga Jumatatu. Nzanzu alisikiliza yote akikuna kidevu. "Donc, mama anabakia nyumbani sababu ya kinu?" Hata hivyo alikubali. Ila Jumatatu Benie aliamka mwili wote unawaka, anatapika, na mtoto wa malaria havushwi mto kwenye upepo wa asubuhi. Nzanzu akavuka peke yake kutafuta dawa na kufungua duka. Katungu angeweza kuahirisha. Aliogopa kuahirisha kuliko alivyoogopa saa sita.

Saa sita ilipofika aliwasha mkaa, akafungua madirisha, akamlaza Benie kwenye mkeka karibu na miguu yake.

"Aksanti kwa kutulindia," alisema. "Kazi yenu imeisha. Sasa muende."

Kukawa kimya. Hata kuku wa jirani walinyamaza. Kisha kinu kikaanza, na hakikuwa jikoni wala uani bali chumbani, pale walipolala yeye na Nzanzu, kikitwangwa polepole, na ile harufu ya mawese ikaja nzito mpaka kooni, na mtu akaanza kuimba wimbo wa kubembeleza watoto ambao Katungu alifundishwa na nyanya yake, akiuimba kwa sauti ya Katungu mwenyewe bila kukosea neno, sauti ikitoka chumbani na kushika ushoroba, ikikaribia hatua kwa hatua, na moshi wa mkaa uliokuwa ukitoka dirishani ukageuka ukarudi ndani, na katika moshi huo akaona kitenge cha njano, na kando ya kitenge mtoto mwenye nywele za Benie na gauni la Benie.

"Mama," Benie aliita kutoka kwenye mkeka, lakini hakumwita yeye. Aliinuka, akaelekea kwenye kitenge.

Katungu alipiga yowe, akajitosa katika moshi, akapapasa, akakamata mkono mdogo, akauvuta, akatoka mbio na mtoto kifuani, bila viatu, mpaka kivukoni.

Katikati ya mto alimgusa mtoto kwenye paji la uso. Lilikuwa baridi. Homa yote ilikuwa imeondoka, naye akamshukuru Bikira Maria kwa sauti mbele ya abiria wote.

Dukani Nzanzu aliona miguu ya mkewe ina matope na damu, akasahau utani.

"Haturudie kule," Katungu alisema. "Hata tulale hapa chini."

Nzanzu alitazama nje. Kiwanja cha baba yake kilikuwa kimeishia katika nyumba ile. "Bon," alisema. "Haturudie."

Akamkalisha mtoto kwenye kiti chake na kumnunulia mikate ya kukaanga. Mtoto alikula mitano, hakutapika, hakusema kitu.

Saa tisa simu ya Katungu ikalia. Alikuwa Mwanahamisi, akinong'ona.

"Mama Benie, ulikimbia bila mutoto? Nimemukuta pa mulango yenu, analia. Mwili yake iko moto sana. Anasema mama alibeba mwengine."

Katungu aligeuka polepole. Mtoto aliyekuwa kwenye kiti cha Nzanzu alikuwa ameacha kutafuna, anamtazama.

"Mupatie simu," alisema. Akasikia kwikwi za mtoto. "Benie?"

"Mama," simu ikajibu.

"Mama," akajibu yule wa kwenye kiti, kwa sauti ileile, akanyoosha mikono ili abebwe.