Petroli Iliyochanganywa

Kila asubuhi, Chiriku, msichana aliyepewa jina hilo kwa kupenda kuongea, alijaza petroli kwenye mashine ya mama yake ya kusaga nafaka. Siku moja, akipiga soga na jirani, aliligonga dumu kwa mguu na petroli nyingi ikamwagika. Kwa kuogopa kugombezwa, akalijazia dumu mafuta ya taa ya jikoni, akaumimina mchanganyiko huo kwenye tangi, akanyamaza.

Ilikuwa Jumamosi, wateja tele. Mjomba wake, mwendesha mashine, aliiwasha ikanguruma vizuri. Kazi ilipopamba moto, ikaanza kugonga, ko-ko-ko, kama nyundo juu ya chuma. Mjomba akaizima, akakagua maji na oili. Vyote vilikuwa sawa. Akavuta kamba kuiwasha tena, injini ingali ya moto. Kufumba na kufumbua, kamba ikarudi kwa nguvu, ikamtegua mkono. Akapiga yowe.

"Hukuifanyia sevisi!" mama alifoka. "Uzembe wako utatulaza njaa!"

"Niliifanyia juzi, dada," mjomba alijibu, ameshika kiwiko kilichokwisha kuvimba.

Chiriku aliinamisha kichwa. Kila mjomba alipoguna, moyo ulimchoma. Hatimaye machozi yakamtoka.

"Mama, usimgombeze mjomba. Ni mimi. Nilichanganya petroli na mafuta ya taa."

Mjomba akaketi juu ya gunia, akamwita Chiriku karibu.

"Petroli safi hungoja cheche ya plagi," alisema. "Ukiichanganya hivyo, injini hugonga na kupata joto kupita kiasi. Masizi ya ndani yakiwa mekundu kama kaa la moto, mafuta huwaka kabla ya cheche, pistoni ingali inapanda. Injini husukumwa kinyume, ikaivuta kamba nayo. Pistoni ingeweza kutoboka, na mkono huu kuvunjika."

"Nisamehe, mjomba."

"Nimekusamehe. Sasa shika spana, uwe mkono wangu."

Walimwaga mchanganyiko kwenye dumu la mafuta machafu, wakasafisha tangi, wakakwangua masizi, wakajaza petroli safi. Chiriku mwenyewe aliwaendea wateja, akawaeleza kosa lake. Mama alimfunga kaka yake bendeji, akamwomba radhi.

Mashine ilipoanza kusaga tena bila kugonga, mama alimgeukia binti yake.

"Petroli kumwagika, ningekugombeza, yakaisha. Kuficha ndiko kulikomuumiza mjomba wako. Siku nyingine ukikosea, niambie kabla injini haijawashwa."