Kitambaa cha Nyuma ya Shingo

Binamu yangu Wayua hakuanza kushona kwa sababu ya shida. Alianza kwa sababu ya picha. Nyanya yetu, bado msichana, amesimama mbele ya kanisa lililoezekwa mabati mapya, rinda limembana kiunoni na kumwagika chini hadi kwenye mashavu ya miguu. Wayua aliitazama picha hiyo tangu utotoni. Alipokuwa mtu mzima alikodi chumba kando ya soko la Wote, akaweka cherehani mbili, na lebo yake akaipa jina ambalo sisi Wakamba humwitia nyanya: Susu.

Kazi yake ilikuwa hivi. Alitafuta rinda kuukuu kutoka sanduku la mtu, akalifumua mshono kwa mshono, akachora vipande vyake kwenye karatasi. Kisha yeye na fundi wake, Kalekye, walishona mengine mapya kwa kitambaa kipya. Lile kuukuu halikutupwa. Alilikatakata, na kila rinda jipya likashonewa kipande kimoja nyuma ya shingo, chini ya lebo. Wateja walilipenda sana jambo hilo. Walisema wamevaa kitu chenye historia.

Asubuhi moja soko likiwa limejaa machungwa, mwanamume mpole aitwaye Kyule alifika kutoka Kathonzweni. Alikuwa amebeba rinda la buluu lenye maua meupe, limefungwa kwa gazeti.

"Ni la mama," alisema. "Tulimzika juzi juzi."

"Pole sana. Hamkugawana nguo zake?"

"Zingine tuligawana. Hii kila mtu aliikwepa."

Wayua hakuuliza kwa nini. Hata mimi nisingeuliza. Huzuni ya watu ina milango yake. Na rinda lenyewe lilikuwa zuri: kola ya duara, vifungo vilivyovikwa kitambaa, mishono ya mkono midogo kama punje za wimbi. Kalekye alilinusa akacheka.

"Huyu susu alikuwa msafi kutushinda. Linanuka sabuni ya mche."

Wakalifumua. Wakashona. Wateja wakachukua yao, na moja Wayua akampa binti yake Mbithe, aliyekuwa akienda Kitui mjini kwa mafunzo ya kazi ofisini. Lililobaki likatundikwa dukani.

Hilo ndilo lililoanza.

Kalekye alipitisha mkono ndani yake ili alipige pasi, akautoa haraka.

"Mama Mbithe, nani alivaa hii?"

"Hakuna mtu."

"Basi kuja ushike. Kwapa limelowa."

Lilikuwa limelowa kweli. Jasho zito, la mtu aliyelala na homa. Walilifua, wakalianika. Jua la Wote hukausha blanketi kabla hujamaliza chai, lakini walipolianua makwapa yalikuwa bado mabichi, na kwenye kola palikuwa na utando wa manjano kama mafuta juu ya supu iliyopoa.

Kisha akaja Sandra, mfanyakazi wa benki, amebeba lake ndani ya ndoo yenye kifuniko.

"Mimi naoga, Wayua," alisema, machozi yakimlengalenga. "Wenzangu wamehamisha viti. Hebu nusa."

"Si labda ni mafuta yako ya nywele," Kalekye akasema.

"Wewe nusa kwanza, ndio uongee."

Kalekye alifunua ndoo. Akatoka nje, akatapika mtaroni.

Wayua alichukua mkasi akafumua lebo. Kile kipande cha buluu kilikuwa kimevimba. Alipokibonyeza kwa ncha ya mkasi kilitoa maji ya kahawia, yenye povu. Kitu cheupe kikachomoza kati ya nyuzi. Kikajikunja. Kikajinyoosha. Kikafuatwa na kingine.

Pamba haiozi hivyo. Nyama ndiyo huoza hivyo.

Alinipigia simu kwa kuwa nina gari, tukaenda Kathonzweni na ile ndoo. Kyule alikuwa shambani. Mkewe Rahab, mwenyeji wa Nyeri aliyeolewa huku, alitukaribisha jikoni. Alichungulia ndani ya ndoo mara moja, akarudisha kifuniko kwa mikono miwili.

"Alilishona mwenyewe," alinong'ona. "Lilikuwa rinda lake la kuzikwa. Alilifua kila Krismasi, akalirudisha kwenye sanduku. Mimi ndiye nilisema ni la kizamani, watu watatucheka. Nikanunua lile jeupe la satini, pale nje ya mochari."

"Yeye alikuwa anasema nini juu ya hili?" Wayua aliuliza.

"Ilikuwa ni mzaha tu. Alisema, mkinipeleka bila nguo yangu, itatafuta mtu wa kwenda naye."

Sikumlaumu Rahab. Alitaka mama mkwe wake apendeze, na kila mtu hupendezesha kwa macho aliyo nayo. Lakini nilipotazama nje ya mlango niliona kaburi, na udongo wake ulikuwa umeanza kutitia katikati.

"Lirudisheni," Rahab alisema. "Tumzikie. Lakini lote. Msiache hata uzi."

Tulizunguka kwa wateja. Hakuna aliyebisha, wengine walikuwa tayari wameyatoa marinda nje ya nyumba. Likabaki la Mbithe tu. Mama yake alimpigia simu, tukamsikia sote.

"Mum, mimi sisikii harufu yoyote. Naipenda. Siku hizi hata siivui."

Tulifika Kitui mchana. Mlangoni mwa ploti alimokuwa amepanga, mtunzaji, mzee Mbuvi, alikuwa ameziba pua kwa kofia.

"Ni nyinyi mmetumwa kutoa hiyo panya? Wapangaji wamenimaliza na maneno." Kisha akamtazama Wayua vizuri, akaona sura ya mama na binti, akatupisha mlangoni.

Mbithe alikuwa amekaa kitandani akila chapati. Alikuwa amekonda hadi mifupa ya mabega ikasimama. Mgongoni kwake inzi walitua, wametulia, kama wanavyotulia buchani. Hakuwafukuza.

"Mum! Mbona hukuniambia unakuja?"

"Vua hiyo nguo, mwanangu."

"Kwani?"

"Vua tu. Tafadhali."

Alifungua vifungo. Rinda liliteremka, likakwama shingoni. Wayua alivuta polepole. Likashika. Akavuta tena. Ilitoka sauti ya plasta ikibanduliwa kwenye kidonda kibichi, na ute wa manjano ukanyooka, ukakatika. Mbithe hakulia.

"Baridi," alisema tu.

Wayua aligeuza kola. Lebo ilikuwa mahali pake. Mshono wake ulikuwa mzima, hakuna uzi uliokatika. Aliufumua.

Chini yake hapakuwa na kitu.

Kalekye aliviunga vipande vyote vilivyopatikana na mabaki yaliyokuwa dukani, akipumua kwa mdomo, hadi rinda likapata umbo lake tena. Lilikosa mahali pamoja tu, nyuma ya shingo. Kyule alichimba juu ya kaburi la mama yake, mchungaji akaomba, Rahab akaomba msamaha kwa sauti. Tulilizika na tundu lake. Siku hiyo harufu ilikoma, Wote na Kitui.

Wayua bado anashona. Hachukui tena nguo za masanduku. Anachora kutoka kwenye ile picha. Mbithe amenenepa, ameajiriwa, na husuka nywele ndefu zinazofunika shingo. Jumapili iliyopita aliniomba nimwoshe nywele kabla ya kusukwa upya. Mama yake hataki kumwosha, na hasemi sababu.

Niligawa nywele. Nyuma ya shingo palikuwa na sehemu kama ukubwa wa kiberiti, haina unywele hata mmoja. Ilikuwa ya buluu, iliyopauka. Ina maua meupe. Lebo zake Wayua huzishona kwa cherehani, lakini pembeni mwa sehemu ile palikuwa na mishono ya mkono, midogo kama punje za wimbi.

"Umemaliza?" Mbithe aliuliza.

"Bado kidogo."

Nilimwaga maji, nikachukua taulo, nikapakausha. Nikapakausha tena. Palikuwa bado pamelowa.